Sina Mbio Ina Kiu

Mpendwa Shangazi, somo yangu uliyenipa jina lako,

Kuna jambo sijapata kumwambia mtu. Nyumbani wanasema nilizaliwa na kitabu mkononi. Hakuna anayejua kwamba kitabu cha kwanza nilikishika ili nisiyaone maji. Nilikuwa nimekaa juu ya sanduku la mashine, katikati ya boti yako, tukitoka Tongoni kwenda kwenye mashamba ya mwani, na bahari ilikuwa pande zote. Niliinamisha uso kwenye ukurasa mpaka tulipofika. Sidhani kama nilisoma hata mstari mmoja. Wewe ulikuwa nyuma, umeshika usukani, ukaniambia tu, "Somo, wimbi likija nitakwambia, ufunge kitabu kisilowe."

Mpaka leo sijui kama ulikuwa umenijua.

Nakuandikia kwa sababu naogopa tena, na safari hii naogopa kwa ajili ya boti.

Sauti yake niliipenda hata siku nilizoyachukia maji. Tuku, tuku, tuku, polepole, kama mtu anayetwanga huku ana mawazo yake. Wanawake waliokuwa kwenye mwani waliitambua kabla hujatokeza kwenye mikoko, wakaanza kufunga magunia. Joto la mashine lilipenya kwenye ubao nilioukalia. Harufu ilikuwa ya dizeli, ya mwani mbichi na ya yale mafuta ya papa uliyozipaka mbao mpaka Baba akawa hataki kukaa karibu nawe kwenye chakula. "Dada, unanuka boti," alikuwa akisema, na wewe unamjibu, "Na wewe unanuka cherehani, mbona nakula?"

Boti za faiba za siku hizi hazinuki kitu. Zinapita mbio, na zikikuta mwani umelowa, vijana wake wanakataa kupakia, eti unachafua. Shoga yako Bi Rehema sasa anabeba kichwani. Nimemwona akitoka majini, gunia linamchuruzikia usoni, anatembea huku amefumba jicho moja.

Tangu ulipofariki, boti imekaa juu ya magogo, pale pale ulipoiacha. Jua limeikausha. Kati ya ubao na ubao unaweza kupitisha kidole. Ijumaa, baada ya sala, Baba alikuja kutoka mjini, Mabawa, kuimaliza habari yake. Shafii, jirani yetu mwenye boti ya faiba, alikuwa ameshaitoa mashine na kuifunika kwa jamvi. Anaitaka aendeshee kinu cha kusaga unga. Mbao zingechukuliwa na mwenye tanuri la mkate. Baba alisema ataijaribu kwanza, kwa heshima yako: ikielea inabaki kwa wanawake wa mwani, isipoelea inapasuliwa.

Wakaisukuma majini. Shangazi, maji yaliingia kila mahali kwa pamoja. Haikufika hata kwenye maji ya magoti, ikakaa chini.

"Sina Mbio," Shafii alisema, akilisoma jina ulilolipaka kwa rangi ya buluu. "Kumbe hata pumzi hana." Watu wakacheka. Baba hakucheka, lakini alisema, "Basi. Jumatatu gari la tanuri lije."

Unanijua. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, najibu kwa sauti ambayo hata wa dawati langu haisikii. Lakini nilisema, mbele ya wanaume wote wale, "Haijafa. Ina kiu."

"Ina nini?"

"Ina kiu. Mbao zimesinyaa. Inazamishwa kwanza, inakaa chini ya maji mpaka mbao zivimbe na nyufa zifunge. Ndiyo inaelea."

"Haya, mwalimu," Shafii alisema. "Na mimi nikiwa na kiu nizamishwe?"

"Wewe ukizamishwa tutapumzika," Bi Rehema alisema.

Baba aliniuliza, "Nani kakwambia?"

Nikamwambia, "Somo yangu."

Alitazama jamvi lililofunika mashine, akasema, "Mpaka Jumatatu, gari likifika. Hapo usiniombe tena."

Unakumbuka mwaka ule ulipoizamisha makusudi, nikalia nikidhani umeichoka? Ulinipakata ufukweni, ukasema, "Ubao ukikaa juani unasahau. Mwache anywe." Ni maneno hayo tu niliyokuwa nayo. Hukuniambia inachukua muda gani, na mimi sikuuliza.

Bi Rehema na mimi tumeifunga kamba kwenye kigingi, tukashindilia tena pamba ya kuzibia iliyokuwa imetoka kwenye nyufa, tukajaza magunia ya mchanga ndani ili isiinuke. Bahari ikija inaifunika. Bahari ikitoka, ninashuka kuangalia. Mara ya kwanza maji yote yalitoka kabla sijafika, kama kwenye chujio la nazi. Leo asubuhi yametoka polepole zaidi, lakini yametoka. Ndani nimekuta mchanga na kaa mmoja.

Jana kamba ililegea wakati maji yamejaa, na upepo unasukuma. Bi Rehema aliniita niingie niikaze, mimi ndiye niliyekuwa karibu. Niliingia mpaka vifundoni, miguu ikakataa. Akapita pembeni yangu, na magonjwa yake ya magoti, akaenda mpaka kifuani akaikaza. Aliporudi alikamua khanga yake akasema, "Utaingia siku nyingine. Bahari haihami." Heri angenigombeza.

Sasa ni Jumapili, jua linazama. Niko barazani kwake na kitabu kiko mapajani, bado sijakifungua. Maji yamejaa. Kinachoonekana cha boti yako ni ncha ya omo tu, kule mbele, kama mtu aliyezama mpaka puani. Sijui kama huko uliko unaweza kuniambia wimbi likija. Mungu akulaze pema, Shangazi. Kesho nitaimalizia barua hii, vyovyote itakavyokuwa.

Jumatatu.

Gari la tanuri lilifika maji yakiwa bado yanatoka. Baba alikuwa amesimama na viatu vyake vya mjini, na Shafii alikuwa na msumeno. Tulingoja. Bahari ilirudi nyuma mpaka mchanga ukaonekana kuizunguka boti, ukakauka. Nilipiga magoti nikapitisha mkono chini ya mbao, ufa kwa ufa, mpaka karibu na mkuku, ule mti wa chini kabisa. Zilikuwa na majimaji, lakini hazikutiririka. Nikasimama nikachungulia ndani. Bahari ilikuwa imeondoka, na maji yalikuwa yamebaki ndani ya boti, yamefika kwenye ubao wa kukalia, na vidagaa wawili watatu wanazunguka humo.

"Inavuja pale," Shafii alisema, akionyesha tone lililoning'inia chini.

"Na wewe pua yako inavuja," Bi Rehema alisema. "Tumekupasua kuni?"

Baba alichungulia. Akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, kama anayepima kama maji ya kuoga yamepoa. Kisha akamwendea dereva wa gari, wakazungumza, na gari likageuza likiwa tupu. Aliporudi alikuwa amevua viatu.

Nilikiweka kitabu barazani. Nilichukua kidumu kilichokatwa, nikapanda ndani, nikawarudisha vidagaa baharini kwa viganja. Baba alishusha magunia ya mchanga, na mimi nikakumba maji mpaka mbao za chini zikaonekana. Kisha nilikaa kwenye ubao wa nyuma, penye usukani, nikatazama mbele. Maji yalirudi mchana, yakaanza kuiinua. Sikushuka.

Ni mimi,
Somo yako.