Mtoto wa Mume Wangu Ananiacha Nikosee

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi tusalimiane tu, maana sauti yako gazetini haina umri. Naomba msaada wako, na naomba usicheke kabla hujamaliza kusoma, ingawa mume wangu ameshacheka mpaka akakaa chini.

Kazi yangu ni kuongoza vijana porini. Watu wakisikia hivyo wanadhani nawapeleka kutazama wanyama, lakini sivyo, tunawafundisha kusoma ramani na dira, kuwasha moto kwa kuni mbichi, kufunga hema lisiondoke na upepo, na kuvumiliana, ambalo ndilo gumu kuliko hema. Siku za mwanzo kiongozi hutangulia. Wakishajuajua kidogo, kiongozi hurudi nyuma kabisa, sisi wenyewe tunaita kukaa mkia, na ukikaa mkia husemi. Wakikosea njia unakosea nao. Mdomo unafunguliwa kwa mambo matatu tu: damu, maji yanayoweza kumzoa mtu, na moto. Kijana akigeuka kukuuliza, unainama unafunga kamba ya kiatu hata kama imefungwa, kwa sababu uso nao una mdomo wake.

Sasa, nimeolewa na fundi wa mafriji ambaye alifiwa na mke wake wa kwanza, akaja na binti yake ambaye sasa ana miaka kumi na minne, halafu tukajaliwa huyu mdogo anayeota meno na ambaye hajaniacha nilale tangu azaliwe. Na huyo binti hatugombani, ni mtoto mwenye adabu zake, ila hajawahi kuniita. Sisemi ananiita vibaya, nasema haniiti. Akinitaka huja mpaka nilipo, anasimama mbele yangu, anaanza maneno katikati: "Sabuni imeisha." Mimi sikumlazimisha, nikajisemea jina la mama halivutwi kwa koleo.

Likizo iliyopita ofisi yetu ilitoa nafasi kwa watoto wa wafanyakazi, nikamuuliza kama anataka kwenda, akasema anataka, tukaenda, mdogo nikamwacha kwa mama yangu. Huko alinishangaza. Wenzake walimpa ramani wenyewe bila kupiga kura. Siku ya kukaa mkia ikafika, mvua inanyesha, tukatokea njia panda, mkono mmoja unashuka mtoni tulikotakiwa kulala, mwingine unapanda kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Akasimama. Akageuka, akawapita wote kwa macho mpaka akanifikia mimi huku nyuma, akasema, "Ni huku?" na kidole kinaelekea machimboni. Mshauri, nikainama nikafunga kamba ya kiatu.

Tukapanda mpaka kwenye machimbo, wote tumelowa kama matambara ya deki, na ni yeye mwenyewe aliyegundua, akasema kijito kilipaswa kuwa mkono wa kushoto na hapa hakuna kijito, "Nimekosea mimi, turudini." Hakulia, hakumsingizia mtu. Mimi huko mkiani nilivuta kofia ya koti nikafunika uso maana machozi ya fahari yalikuwa yananitoka.

Jioni tukiwa kwenye moto ndipo kiongozi husema aliyoyaona akiwa mkiani, hiyo ni desturi yetu, kwa hiyo nikawaambia kwamba njia nilikuwa naijua. Vijana wakanirushia vijiti, "Kiongozi, mchawi wewe! Tumekula mvua yote ile!" Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Uliniona nakosea ukanyamaza?"

"Ndiyo."

"Hata mimi?"

"Hata wewe," nikamwambia, nikidhani namheshimu mbele ya wenzake.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akaendelea kukoroga uji. Sikuona hasira. Siku ya kushuka alinipokea begi langu bila kuombwa, na tulipofika nyumbani akaanza kuniita, jina ni "Kiongozi." "Kiongozi, mtoto ameamka." "Kiongozi, kuna mtu mlangoni." Mume wangu akasema, "Haya, nyumba ina kiongozi, mimi nimebaki mzigo." Sikujua nifurahi au nihuzunike.

Halafu yakaanza mambo ninayotaka unieleze. Nilikuwa na kikao na wazazi wa vijana, nikavaa mbio mbio huku nanyonyesha, nikatoka. Yeye alikuwa mlangoni, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Kazi njema, Kiongozi." Nimefika, nimesimama mbele ya wazazi, nimesema maneno yangu yote kuhusu usalama wa watoto wao, kumbe blauzi nimeivaa ndani nje na kile kitambaa cha maelezo ya kufulia kinaning'inia shingoni. Mwenzangu wa kazi tunayemwita Kamba ndiye aliyeninong'oneza, baadaye kabisa. Nikarudi nyumbani.

"Blauzi uliiona?"

"Niliiona."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka uione mwenyewe," akasema, akaendelea kukata vitunguu.

Siku nyingine nikatia chumvi kwenye chai badala ya sukari, yeye ameegemea meza, kidevu mkononi, ananitazama, na kabla sijamimina alikuwa ameshajiwekea glasi yake ya maji. Tena nikampeleka mdogo kliniki siku isiyo yake. Kadi binti alikuwa ameisoma asubuhi, na bado alinisindikiza mpaka kituoni amenibebea mfuko, nyuma yangu, hatua kwa hatua. Nikagutuka: huyu mtoto ananikalia mkia!

Na usidhani hajali. Juzi napiga pasi, mdogo akatambaa akashika waya, mimi nimegeuka kuchukua shati, sikuona kitu, nikasikia upepo tu, yeye ameruka kutoka mlangoni, mtoto ameshamnyakua, pasi ameshaizima. Basi na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kumtega, nikamvalisha mdogo kiatu cha kushoto mguu wa kulia makusudi nione kama atasema. Hakusema. Alimbeba wakatoka nje, nikachungulia dirishani, akambadilisha viatu huku anamwambia, "Mvumilie, bado anajifunza."

Nimemwuliza Kamba, akasema, "Anafanya mazoezi ya kazi yako, mtafutie ajira." Mama yangu anasema ni kiburi, watoto wa kulea ndivyo walivyo. Mume wangu kama nilivyosema, anacheka. Mimi nataka kujua tu, anafanya nini huyu? Ananilipizia ile mvua, au amenipenda kwa namna ambayo siifahamu? Nimechoka, lakini kila asubuhi najikuta namtazama kama ninavyotazama nyayo nisizozijua kwenye tope.

Ah, na jambo jingine dogo. Mama yake mkubwa, dada wa marehemu, anataka kumchukua akaishi kwake shule zikifunguliwa, ana nyumba kubwa na hana mtoto. Mume wangu anasema binti ni mkubwa, achague. Siku chache kabla ya ile ya blauzi alinikuta naanika nepi, akaniambia, "Mama mkubwa anataka nihamie kwake. Niende?" Sikutaka kumbana, mimi mama wa kambo nina haki gani, nikamwuliza, "Wewe unaonaje?" nikainama kuokota vibanio. Akanisaidia kuanika nepi moja, akasema, "Sawa, Kiongozi." Mama mkubwa atakuja kuchukua jibu wiki mbili zijazo. Lakini hilo litajipa lenyewe, wewe nisaidie hili la blauzi.

Ni mimi,
Mkia wa Msafara

JIBU

Mkia wa Msafara, marahaba. Umri nimekuzidi, na nimecheka. Kwenye chai ya chumvi nilicheka, kwenye glasi ya maji nikarudia. Kisha nikafika kwenye hilo ulilolipachika mwishoni kama mtu anayesukumia takataka chini ya zulia, nikaacha kucheka.

Binti yangu, umeniandikia kurasa juu ya blauzi. Blauzi huvuliwa ikageuzwa. Kuna mtoto ndani ya nyumba yako anaweza kufungasha nguo zake wiki mbili zijazo, na wewe unaliita hilo jambo dogo? Hebu rudia barua yako uisome kwa mpangilio wake. Baada ya njia panda, mtoto alikubebea begi. Baada ya njia panda, alikupa jina, yeye ambaye miaka yote hakuwa na la kukuita. Huyo si mtoto mwenye kinyongo cha mvua. Lile la "Hata mimi?" lilimchoma, ndiyo, maana alitaka kujua kama kwako yeye ni kijana wa msafara au ni wako. Lakini alilimeza, akaja kukuuliza tena kwa maneno mengine, penye kamba ya nguo. "Niende?" Ukamjibu kwa kuinama.

Hapo ndipo blauzi ilipoanza. Kimya kikuu kina mshindo mkuu, na mshindo wake umekuwa ukiusikia kila asubuhi bila kuujua unatoka wapi.

Unauliza kama analipiza au anapenda. Mimi sikai kwenu, ila nitakuambia nionavyo. Mtu anayelipiza hamwambii mdogo wake "mvumilie." Mtu anayelipiza habebi mfuko wako mpaka kituoni. Amekuona ukinyamaza, amekuona pia ukilia chini ya kofia, usidhani watoto hawaoni, akahitimisha kwamba huku kwenu ndivyo watu wanavyopendana. Amejifunza lugha yako na anakusemesha kwa lugha hiyohiyo. Kwenye pasi umeona mwenyewe kwamba sheria zote anazijua, hata ile ya moto. Kwa hiyo Kamba hakukosea sana. Mama yako amekosea, mwambie kwa upole, na hilo neno la watoto wa kulea lisirudiwe mahali mtoto anaposikia.

Sasa nikukaripie kidogo, maana umeniomba msaada na si sifa. Kazi yako ni nzuri. Kijana akiuliza njia ya kwenda mtoni, nyamaza, atafute. Ila si kila swali lenye "niende" linauliza njia. Mtoto aliyefiwa na mama, akimuuliza mwanamke anayemlea kama ahame, haombi ramani. Anauliza kama kuna mtu atakayeumia akiondoka. Ukimrudishia swali, umeshamjibu, na jibu alilosikia ni hapana. Wewe ulidhani unampa uhuru, yeye ameona mlango umeachwa wazi na hakuna aliyesimama hapo. Na hiyo hofu ya "mimi mama wa kambo nina haki gani" ni yako, usimtwishe mtoto. Haki ya kuamua huna peke yako. Haki ya kusema unampenda, nani alikunyang'anya?

Basi fanya hivi. Usingoje wiki mbili, fanya wiki hii. Mpe mume wako mtoto mdogo amshike, na acheke akiwa naye huko nje. Mkalishe binti, au bora zaidi simama naye penye kamba ya nguo palepale, umwambie kwa maneno yaliyonyooka: "Uliniuliza nikakwepa. Nataka ubaki. Ukienda nitakukosa. Uamuzi ni wako, ila usiamue bila kujua hilo." Ukishasema hivyo, nyamaza, sasa kimya chako kina kazi. Na tafadhali, usithubutu kusema unamtaka abaki kwa sababu mdogo wake amemzoea au kwa sababu umechoka na kazi za nyumbani. Umechoka kweli, barua yako yote inapiga miayo, lakini huyo si yaya. Mchovu huomba msaada kwa mume wake kwanza.

Mume wako naye aseme lake. "Achague mwenyewe" ni kauli nzuri ikitanguliwa na "mimi baba yako natamani." Bila hiyo ni uvivu. Aliyezoea kutengeneza mafriji asiache nyumba yake ipoe.

Mama mkubwa si adui. Damu ya marehemu mdogo wake inamwita, na mkaribisheni kwa heshima, hata kama jibu litakuwa la kumhuzunisha. Na likiwa la kukuhuzunisha wewe, maana inawezekana, mtoto anaweza kusikia yote na bado akachagua kwenda, basi mbebee begi, na safari hiyo utembee ubavuni mwake. Mkia umeukalia vya kutosha.

Kuhusu "Kiongozi," liache. Usilibadilishe, usilicheke, usimsubirie "mama" kama mtu anayesubiri basi. Ndilo jina alilolitafuta mwenyewe, na wewe unasema unaamini mambo ambayo vijana wanayatafuta wenyewe. Ukitaka sana kujua alimaanisha nini alipoanza kukuita hivyo, muulize. Naona udadisi unao mwingi, umeutumia kumvalisha mtoto viatu upande usio wake. Utumie kwa kuuliza.

La mwisho. Siku utakayokwenda kusema naye, vaa kandambili. Nakujua, wewe na kamba za viatu.