Breki Nimefunga Upande Mmoja, na Dada Hajui

Mpendwa mshauri,

Mimi sijazoea kuomba msaada, mimi ndiye huwa naombwa, uliza yeyote mtaani kwetu atakwambia ni nani alisimamisha lori la saruji lisilo na breki kwenye mteremko wenye kona kumi na moja, kwa gia peke yake na ndala moja, ndiyo maana hadi leo wananiita Mjomba Gia, lakini safari hii nimechoka, na hii barua naiandikia ndani ya gari lililozimwa, maana humu ndimo mahali pekee ambapo siulizwi kitu.

Gari lenyewe lilianza kulia mwaka jana, kwanza kama panya, kisha kama kisu kwenye sahani, nami nikawa naongeza sauti ya redio, mpaka dada yangu mkubwa, ambaye macho yake yameingia ukungu na kila Alhamisi ni mimi ninayempeleka hospitali, akaniambia, "Mdogo wangu, hicho ni chuma kinasaga chuma." Nikamjibu, "Dada, wewe tazama njia, breki niachie mimi." Tukacheka, ingawa mimi nilicheka zaidi.

Basi nikanunua pedi za breki za mbele, nne, mbili za kila tairi, nikapita gereji ya kona nimezishika juu kila mtu azione, fundi akasema, "Mjomba, leta nikufungie, hizo hufungwa pande zote mbili siku moja," nami nikamjibu mbele ya wateja wake kwamba mimi nilikuwa nafunga breki yeye bado anafungwa nepi. Nikaenda nyumbani nikapiga jeki, tairi la kulia likatoka vizuri, nikafunga pedi mpya, nikajipiga kifua, nikahamia kushoto, na hapo nati moja ilikuwa imeganda kwa kutu, nikaigonga, nikaivuta kwa bomba, nikaipanda kwa miguu yote miwili, spana ikateleza na nati ikawa duara kama shanga, jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza, "Umemaliza, Mjomba?" nikasema, "Zamani."

Nilisema zamani, mshauri. Pedi mbili za kushoto ziko kwenye droo, chini ya soksi, huu mwezi wa tano.

Tangu hapo nikikanyaga breki gari linavuta kulia, na wanaouliza nawaambia limezoea njia ya nyumbani. Alhamisi iliyopita tukiteremka kwenda hospitali lori likaja mbele yetu, nikakanyaga, pedali ikazama, gari likavutwa kulia kulifuata lile lori, sijui nilifanya nini na usukani, nikajikuta tumesimama kwenye ngazi za duka la dawa, muuzaji ametoka na miwani mkononi. Dada akauliza, "Tumefika?" Nikasema, "Bado kidogo, nampisha mtu." Siku hizi dada akikaa pale mbele hukandamiza mguu sakafuni mpaka zulia limetoboka, nadhani damu yake haitembei vizuri, na hilo nalo linanisumbua.

Alhamisi ijayo anapasuliwa jicho, na ameshasema hataki kwenda na mtu mwingine ila mimi. Nikienda gereji fundi ataona upande mmoja mpya na mwingine umekwisha, na mtaa mzima utajua kabla ile nati haijatoka. Na wakishajua hili wataniuliza na lile la lori, na ukweli wa lori, nakwambia wewe tu, ni kwamba sikuwa dereva, nilikuwa utingo, tena nimelala, niliamka tumeshasimama kwenye rundo la mchanga. Nifanye nini nisimpoteze dada na nisipoteze jina?

Mjomba Gia

*

Mjomba,

Umeniambia mimi tu, kwenye gazeti, tena ukaweka na jina. Kwa hiyo la jina limekwisha. Tubaki na la dada.

Nakuonea huruma, kwa kweli. Kulibeba miaka yote hiyo lori ulilokuwa umelala ndani yake si kazi ndogo, mtu lazima achoke. Lakini huruma yangu inaishia kwenye ngazi za duka la dawa. Yule muuzaji angekuwa anafagia saa ile, leo ungekuwa unaandika barua nyingine, kutoka mahali pengine. Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe umeyaficha chini ya soksi.

Sasa sikiliza. Nimemuuliza fundi wangu kabla ya kukujibu, akashika kichwa. Gari hilo lisitoke hapo lilipo. Si polepole, si kwa gia, si mpaka kona tu. Shuka, funga mlango, nenda gereji kwa miguu, umwambie yule uliyemtukania nepi, kana kwamba wewe ulizaliwa na suruali: "Nilifunga upande mmoja, nati ya kushoto imenishinda." Maneno saba, na hakuna hata moja litakalokuua. Nati zilizoganda anazitoa kila siku. Zile za droo usimlazimishe azifunge. Za kulia zimefanya kazi peke yake miezi mitano, zimechoka kama mwenyewe. Afunge seti mpya, pande zote mbili, siku moja. Aangalie diski ya kushoto, chuma kikisaga chuma huacha mifereji. Aangalie na mafuta ya breki, pedali haizami bure. Kisha ajaribu gari yeye mwenyewe, wewe umesimama pembeni, kimya. Najua, kimya kitakushinda kuliko nati.

Alhamisi ikifika na gari halijawa tayari, chukua teksi, ukae naye kiti cha nyuma. Hakusema anataka gari lako, alisema anakutaka wewe.

Ila kabla ya gereji, mwambie dada yako. Usiogope kumshtua. Huyo ndiye aliyesikia chuma wewe ukiongeza redio. Na ule mguu si damu, Mjomba. Miezi mitano hii anakukanyagia breki. Nenda ukampumzishe.