Ufunguo wa Kanisa Ukae Kwako

Kaka Eliapenda, shikamoo.

Bethlehemu kuna baridi kama ya kwetu Mbaga mwezi wa saba. Jumapili nilipata ruhusa katika kambi yetu ya jeshi, nikaingia kanisa la wamisheni wa Kijerumani. Vita hii imewatia kizuizini huku pia, kama wamisheni wetu wa huko nyumbani. Nilitegemea kukuta popo. Mabenchi ishirini, na mimi nikakosa pa kukaa! Mchungaji ni Mwarabu wa Palestina, mzaliwa wa hapahapa. Wimbo nao tunaujua, nikauimba kwa Kichasu chetu. Mzee wa kanisa anayejua Kiingereza akanicheka: "Mbona unaukimbiza, una treni ya kuwahi?" Akanimegea mkate wa moto wenye mafuta ya zeituni. Nikamuuliza nani kawaruhusu kuendelea.

"Ruhusa ya nini? Wameondoka wageni, wenyeji tupo."

Miaka yote wamisheni walituambia bado hatujaweza kuliongoza kanisa wenyewe, na kuta zake huko nyumbani nilizijenga mimi, uashi wa kujifunza mwenyewe! Basi, leo roho imetulia. Ule ufunguo wa kanisa waliokuachia usiupeleke bomani Same kama ulivyoniandikia kwamba utafanya. Msalimie shemeji, nayaota makande yake. Na Jumapili, mwinjilisti, kengele ipige wewe.

Mdogo wako,
Yohana