Jina la Mzee Menasi Silirudishi

Kahama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Simu zangu hupokei tangu tulipoondoka Mbinga, kwa hiyo naandika. Barua anakuletea mwenzangu wa karakana anayekuja likizo huko ziwani, na nimemwagiza aiweke mkononi mwako mwenyewe, asiipitishe kwa Baba Mdogo. Mgongo unaendeleaje? Muhogo umeshaanika? Na dagaa wetu wa usipa wanapatikana, au sasa mnakula mboga za majani kila siku? Sisi huku ni wazima. Mkweo Nyamizi anaendelea vizuri na mimba yake, anakusalimu kwa heshima zote japo anajua ulivyomsema. Karakanani kazi zipo, nachomelea mageti mpaka macho yanawasha. Menasi mdogo naye mzima kabisa, na habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Mdogo wangu Hyasinta, najua ni wewe unayemsomea Mama. Usiruke neno. Ukifika penye aibu, meza mate uendelee. Aliyeandika ni mimi, wewe huna kosa.

Mama, ulimtuma Hyasinta aniambie kwamba kwa kuwa nimemkata mtoto, niliache jina la Baba, nimtafutie mwanangu jina jingine. Jibu langu ni hapana. Ni hapana leo na itakuwa hapana kesho. Nakueleza sababu hapa kwa sababu kwenye simu hukunipa nafasi, na pia nasikia huko kijijini inasemwa mke wangu ndiye aliyenishika masikio. Nyamizi alikuwa huku Kahama na tumbo lake. Aliyempeleka mtoto hospitali ni mimi.

Siku ile mimi na mtoto tulipofika huko kijijini, ulimvua nguo uani ili umwogeshe, ukaona kende moja limevimba kama yai la bata. Mwanamke mwingine angeshtuka. Wewe ulipiga kigelegele ukawaita majirani: "Njoni mwone, mume wangu amerudi na mzigo wake." Sikukasirika. Mtoto akirithi jina la babu, bibi humwita mume, na utani huo ni haki yako. Nilichokataa ni pale utani ulipogeuka hukumu. Baba Mdogo alikuja akasema hiyo ni alama ya marehemu Baba, kisu cha hospitali kisiiguse, nawe ukaitikia. Mkamleta yule bibi wa dawa, akamfunga mtoto kamba nyeusi kiunoni, ya kumtuliza Mzee.

Asubuhi uvimbe ulikuwa umenywea, nyumba nzima ikaisifu kamba. Niliwaambia kwamba hata Kahama asubuhi hunywea na jioni hujaa, nani alinisikiliza? Jioni ukajaa. Mkasema kamba imelegea, ikakazwa mpaka mtoto akalia. Jioni nyingine ukajaa tena, ndipo bibi akasema sasa achanjwe kwa wembe, damu mbaya itoke. Hapo niliwashangaa kweli. Kisu cha daktari kimekatazwa, wembe wa bibi umeruhusiwa.

Sikutoroka, Mama, usiwaambie watu nilitoroka. Nilisimama mbele yako na mbele ya Baba Mdogo, nikasema kesho nampeleka Mbinga. Ukanijibu, "Ukimkata, usimrudishe hapa na jina la mume wangu." Asubuhi nikambeba, nikaenda.

Mbinga kulikuwa na baridi ya kuuma meno, na mtoto hakuwa hata na sweta. Daktari aliyetupokea ni binti ambaye kwa umri ningemwita mdogo wangu. Alifunga pazia, akaweka tochi nyuma ya uvimbe, na uvimbe wote ukawaka mwekundu kama kahawa mbivu. Akaniambia nisogee nione mwenyewe. "Mwanga unapita vizuri, Baba. Haya ni maji." Akanieleza kwamba mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama yake, korodani hushuka kwa kinjia kinachotoka tumboni, kisha kinjia hicho hujifunga. Cha Menasi hakikujifunga. Mchana akisimama na kukimbia, maji ya tumboni yanateremka, na akilala yanarudi taratibu. Basi, Mama, habari ya kamba ikaishia hapo.

Nilimwuliza yote mnayoyasema, sikumficha. Nikamwuliza busha la babu. Akasema busha la wazee wa ziwani mara nyingi huletwa na mbu, ni jambo jingine, halikumfuata mjukuu. Nikamwuliza kama atazaa. Akasema kisu hakigusi korodani, anapasua kidogo kwenye mkunjo wa kinena, anakifunga kile kinjia, mtoto anashonwa. Akasema watoto wengi hupona wenyewe wakiwa bado wachanga, lakini huyu ameshapita miaka miwili na uvimbe unazidi, tusingoje siku utumbo nao ufuate njia ya maji. Nikamwambia, dokta, mpasue.

Siku ya kupasuliwa walikataza asile wala asinywe kitu. Alililia uji mpaka sauti ikakauka. Wodi ile ilikuwa ya akina mama tupu, wakaniangalia kama mwizi wa mtoto. "Mama yake yuko wapi?" Nikasema yuko Kahama, ni mjamzito. Mama mmoja wa kijiji cha Kitura, naye mwanawe amelazwa pale, akasimama akasema, "Baba, mtoto habebwi hivyo, unambeba kama mkungu wa ndizi." Akamfunga mgongoni kwangu kwa kitenge chake cha maua. Nikatembea naye hivyo kote, mpaka getini, mbele ya madereva wa bodaboda, na waliotaka kucheka walicheka. Mtoto alinyamaza.

Nesi alipokuja kumchukua, mtoto aling'ang'ania shati langu mpaka kifungo kikatoka. Mlango ukafungwa. Niliogopa, Mama, sitakudanganya. Nilikaa kwenye benchi nikawaza, hii dawa ya usingizi isipomwachia nitampigia nani? Wewe umeshanifungia mlango, na Nyamizi nitamwambia nini? Hapo nilikukasirikia kuliko siku zote za maisha yangu, kwa sababu pale kwenye benchi palikuwa pako. Alipakalia mama wa Kitura, mtu asiyenijua, na rozari yake mkononi.

Mtoto alipozinduka hakuniita mimi, ingawa nilikuwa nimemshika mkono. Alisema, "Bibi." Akarudia, "Bibi." Wiki moja ya kumlisha usipa umeshaninyang'anya mtoto, halafu ndio unamnyima jina. Nilikupigia palepale ili umsikie. Ukakata. Ndiyo maana tuliporuhusiwa sikushuka tena ziwani, nikapanda basi la Songea na mtoto wangu na dawa zake.

Sasa kidonda kimefunga. Kovu ni fupi kama alama ya ukucha. Kila jioni namchungulia, na kila jioni hakuna kitu.

Hyasinta, meza mate hapa.

Mama, unasema ile ni alama ya Baba. Alama gani ambayo mwenyewe aliificha maisha yake yote? Wanaume wa kijijini kwetu wakimaliza kuvuta nyavu huoga pamoja pale mchangani jioni, wanasuguana migongo, wanataniana, wanapanga hata mambo ya harusi wakiwa na povu kichwani. Baba sikumwona pale hata siku moja. Alioga peke yake nyuma ya mawe, alfajiri, na sabuni yake kwenye kopo. Nilipokuwa mtoto nilidhani anapenda maji ya baridi. Kanisani alisimama mlangoni. Na suruali zake pana ulizishona wewe, kwa mkono, usiku wa manane, kwa sababu hukutaka fundi ajue kipimo.

Na ile siku ya tangazo je? Watu wa hospitali walipita na kipaza sauti wakisema wanaume wenye busha waende wakapasuliwe, hakuna malipo. Baba alivaa viatu akashika mkoba wake. Nilimwona, nilikuwa nimekaa kizingitini. Baba Mdogo akaja akasimama mlangoni akicheka, "Kaka, unakwenda kuhasiwa uzeeni?" Baba akakaa. Akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akarudisha mkoba ndani. Wewe ukaingia jikoni, ukatoka na macho mekundu ukasema ni moshi. Mama, siku ile moto ulikuwa haujawashwa.

Akaendelea kuoga nyuma ya mawe mpaka siku tuliyomwosha sisi, kumzika.

Kwa hiyo usiniambie nimemtukana Baba. Alitaka kwenda, akazuiwa mlangoni kwake mwenyewe. Mwenye jina lake amekwenda. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na nyumba yetu imeficha vya kutosha. Kama kuna mtu anayestahili kuitwa Menasi duniani, ni huyu anayelala hapa pembeni yangu amekumbatia spana, na jina hilo nitamwita mbele ya padri, mbele ya ukoo na mbele yako.

Baba Mdogo mpe shikamoo yangu. Ni mdogo wa baba yangu na heshima yake iko palepale, ila kwenye mlango wa mwanangu hatasimama tena. Bibi wa dawa naye msalimie, mwambie kamba yake ni imara sana, Nyamizi anafungia gunia la mkaa. Salamu kwa shemeji Otmari, mume wa Hyasinta, aliyetusindikiza hadi kwenye basi huku wengine mkitugeuzia mgongo, na kwa watoto wao.

Nyamizi akishajifungua na kupata nguvu tunakuja sote. Ukitufungia mlango tutalala kwa Hyasinta, hatukosi pa kulala. Lakini jioni ya kwanza, wanaume wakimaliza kuvuta nyavu, nitamshika mkono mtoto mpaka pale mchangani, nimvue nguo zote, nimpake povu katikati yao. Wewe utakuwa upande wa wanawake na ndoo yako, utaona vizuri. Wakikuuliza ni nani yule anayewarushia watu maji, waambie ni mume wako, anaoga na wenzake.

Ni mimi mwanao, niliyekukatalia na ninayekupenda,

Ditrami,
Baba Menasi