Betri Mbili Nilizompa Shemeji

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na huyo mpwa wangu mdogo aliyerithi mashavu yangu. Mimi sijambo, ila mwandiko usikushangaze, ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bendeji. Usianze kulia, hata kwa kushoto naandika vizuri kuliko mumeo.

Nimeanza kukuandikia mara tatu. Nasimama, nachungulia barabarani, nakaa tena.

Unajua hapa kibandani kwangu stendi wananiita Profesa. Shule niliiacha njiani, lakini kwa zile sigara kubwa za umeme, zinazotoa moshi kama treni, hakuna wa kunifundisha. Wateja wakiuliza betri ipi salama, nawaambia wasidanganywe na namba iliyochapishwa juu. Wanunue kwa muuzaji anayejulikana, betri mbili za kifaa kimoja ziwe pacha, na wasizitie mfukoni pamoja na funguo. Nikisema hayo huwa nimekunja nne.

Jumanne alikuja fundi cherehani, akalalamika kwamba kifaa chake kinapata joto mno. Nikamcheka, nikamwambia joto ndiyo nguvu yenyewe. Nikabonyeza kitufe nimwonyeshe wingu la kibingwa. Kikaanza kufoka kama sufuria, nikakirusha nje, moto ukachomoka. Yeye hakuguswa. Mimi kiganja kiliungua, na sharubu zikabaki upande mmoja. Msusi wa jirani alinimwagia maji huku akiniuliza huo ni uprofesa gani.

Siku ile ile nilimpigia shemeji, nikamwambia asitumie zile betri mbili nilizomletea nilipokuja kumwona mtoto. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema niache wivu, si mimi niliyeapa zimeshuka na ndege? Nikacheka naye. Nilicheka, dada! Simu ikakatika sijasema neno la maana.

Sasa nalisema, kwa barua, maana kwa simu tutacheka tena. Hazikushuka na ndege yoyote. Nilizichomoa kwenye laptopu mbovu, nikazivisha ganda jipya la bluu lililoandikwa ampea thelathini na tano, nikalibana kwa joto la draya ya yule msusi. Zilikuwa nne. Mbili nyingine ndizo nilizomuuzia fundi cherehani. Betri za laptopu ile hazikutengenezwa kwa kazi nzito hivyo. Nilijua, nikajiambia zitavumilia. Nilitaka tu shemeji anione mtu mzito.

Na yeye kile kifaa chake cha moshi hukitia mfuko wa shati, upande ule ule anaomlaza mtoto. Tangu Jumanne sioni kingine.

Akibisha, mwonyeshe chini ya kila betri: ganda lina mkunjo, hewa ya draya haikufika. Kiwanda hakikunji vile, ni mimi. Azitoe sasa hivi, kila moja ifungwe peke yake kwenye plastiki, apewe dereva aliyeleta barua hii. Kifurushi alichonacho kina betri mpya za dukani, na risiti nimeiweka, maana neno langu peke yake halitoshi tena.

Dereva nimemwagiza asitoke mlangoni kwenu mikono mitupu, hata akitukanwa. Mimi niko hapa stendi, sikai, mpaka arudi.

Mbusu mtoto. Shemeji msalimie sana. Mwambie anicheke atakavyo, lakini acheke akiwa amezitoa.

Mdogo wako akupendaye,
Profesa wa zamani