Kibanja cha Onesphory Huko Mirihi

Jumamosi, 9 Septemba 2023

Leo tumegawana Mirihi. Kweli kabisa! Niliichapa ramani ya kreta ya Jezero, lile shimo kubwa la huko, dukani kwangu, vipande vinne, tukaviunga kwa gundi kwenye kaunta ya Najibu, katikati ya misumari na mabomba ya maji. Wazo la Mwalimu Shamsa: kila mmoja awe na eneo lake, na kigari cha NASA kinachozunguka huko kikiwa kwako, Jumamosi hiyo unatulisha wote. Kigari chenyewe kinatambaa, hakuna atakayefilisika.

Najibu akasema kama ni kugawa ardhi, mwachieni Mhaya. Tukamgeukia shemeji Byabato, kaka wa marehemu mume wangu. Mzee alifurahi! Ndiye msemaji wa ukoo, mipaka ya vibanja vya kwetu Ijuganyondo, mashamba ya migomba na kahawa, anaijua yote. Akavua kofia, akachukua kalamu ya kijani, akaanza kupanda milamula — vialama vidogo vidogo kila mpaka, kama ile mimea tunayoipanda mipakani nyumbani. Delta akajichukulia, maana ndipo kigari kilipo sasa. Najibu kapewa sakafu ya kreta, mawe matupu. Kalalamika kweli. Shamsa kapewa ukingo. Eneo la juu ya delta, karibu na ule mto wa kale, akaniambia ni letu. Akaandika: ONESPHORY.

Nikasema shemeji, mimi naitwa Judica. Watu wakacheka. Yeye kwa upole wake: ni cha mdogo wangu, wewe unakitunza. Na Shamsa mbona kaandikwa jina lake? Eti Shamsa si wa ukoo, huyo anaweza kupewa popote.

Nikacheka na mimi. Sijui nilichekea nini.

Jumapili, 10 Septemba

Ibada. Mvua. Nimemkumbuka marehemu kutwa nzima. Siku kigari kinatua, Februari 2021, Onesphory alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Kilipogusa chini alipiga kelele, mbwa wa jirani wakajibu. Mwaka uliofuata presha ikamchukua. Kikundi hiki alikianzisha yeye — Jumamosi jioni, nyuma ya duka la Najibu, kwenye ile runinga kubwa.

Ni upuuzi kuumia kwa ajili ya karatasi. Nimeumia.

Jumamosi, 30 Septemba

Kigari bado kiko kwa shemeji. Katuletea ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage mara ya tatu sasa. Najibu anasema kigari kimeshiba, kimegoma kuondoka.

Lakini haki yake nimpe: Byabato akieleza, unaelewa. Leo kaeleza kwa nini mashapo ya delta yanafaa kutafutwa dalili za uhai. Alituambia tuwaze mto Ngono unavyoacha tope. Mtu wa chama cha ushirika cha kahawa, kastaafu, anasoma habari za NASA na kamusi pembeni! Shamsa kaandika kila neno, atawafundishia wanafunzi wake. Msibani shemeji alilia kuliko mimi. Si mtu mbaya. Najiandikia hili ili nisilisahau.

Jumanne, 10 Oktoba

Kimegeuka! Kwenye ramani ya mtandaoni kinaelekea juu, upande wangu. Naona alama za magurudumu kwenye picha, mistari miwili mchangani. Nimezichapa nne, nimezibandika ukutani juu ya mashine ya fotokopi. Mteja kauliza huko ni Karagwe?

Binti yangu Joyness kapiga simu kutoka Dodoma. Nikamwambia kigari kinakuja kwa baba yako. Akasema mama, pika vizuri.

Ijumaa, 13 Oktoba

KIMEINGIA. Kimeruka milamula kama meta ishirini hivi, Shamsa kapima na rula. Nimenunua samaki, sato wakubwa wawili, kwa wavuvi pale mwaloni. Ndizi nimekata mwenyewe, mkungu wa mgomba ulio nyuma ya jiko, aliopanda marehemu. Nina furaha ya kitoto, na leo sioni haya.

Jumamosi, 14 Oktoba

Naandika kabla sijavua viatu.

Nimefika kwa Najibu na sufuria kichwani. Nakuta wanakula! Byabato kawahi, na vyungu vya mke wake. Kasimama katikati kama bwana harusi, watu wanamshukuru, anajibu karibuni, karibuni, hapa ni kwa mdogo wangu. Nikauliza, shemeji, zamu si yangu? Akasema: Mama Joyness, kibanja kisipokuwa na mwanamume, mkubwa wa ukoo ndiye anayelisha. Wewe kaa ule.

Shamsa kapokea sufuria yangu. Kaiweka mezani. Wameshiba, wamedonoa tu.

Nilimsubiri shemeji nje. Nikamuuliza wazi: unazungumzia Mirihi au Ijuganyondo? Hakukwepa, na hilo namheshimu. Akasema vyote viwili. Ukoo utakaa Novemba. Mwanawe Josia atasimikwa mrithi wa Onesphory, maana Onesphory hakuacha mtoto wa kiume. Joyness ataolewa, atakwenda kwa watu. Mimi nitabaki ndani ya nyumba mpaka nife, hakuna atakayenigusa. Kayasema hayo kama ananipa zawadi! Akaniuliza kama nina usafiri wa kurudi.

Miaka ishirini na mitatu nimepalilia pale. Mibuni ya chini nimeipanda nikiwa na mimba ya Joyness. Leo naambiwa nitaachwa ndani ya nyumba.

Jumapili, 15 Oktoba

Sikwenda kanisani. Ningekaa benchi moja naye.

Sato nimempa paka.

Jumatano, 25 Oktoba

Kila mtu ana ushauri. Najibu: huyu mzee ni mwenzetu, ongeeni taratibu, msituvunjie kikundi. Shamsa kamkatiza: wewe kibanja chako ni mawe, unaongea kirahisi! Kanishika mkono, tukaenda ofisi ya kata.

Afisa ni kijana mwenye adabu. Anasema sheria iko upande wangu na wa mtoto. Kisha anasema, lakini mama, kaeni kwanza kifamilia. Nikamuuliza familia ipi, mbona mimi peke yangu ndiye niko hapa? Akatabasamu. Akasema nikishindwa huko, nirudi.

Kigari kimesimama, kinachunguza jiwe. Kwangu.

Jumamosi, 11 Novemba

Kuanzia leo kimya. Mirihi inapita nyuma ya jua, wiki mbili NASA hawatakitumia amri yoyote, ujumbe usije ukaharibika njiani. Kitabaki palepale. Shamsa kaeleza kwa machungwa mawili na balbu.

Byabato alikuwepo. Tangu ile siku tunasalimiana kwa heshima zote — habari shemeji, nzuri shemeji — hadi watu wanatuogopa. Alipomaliza Shamsa nikanyanyuka, nikachukua kalamu nyeusi, nikakata ONESPHORY kwa mstari mmoja. Chini nikaandika JUDICA.

Najibu akajifanya anatafuta rimoti. Shemeji katafuna punje zake za kahawa taratibu, akameza, akasema hiyo ni karatasi, Mama Joyness. Nikamjibu: basi isikuudhi.

Akavaa kofia akaondoka. Mlangoni akasema kikao ni tarehe ishirini na tano, kwako, saa saba.

Nililia chooni kwa Najibu. Nilikuwa nimemkata mume wangu mwenyewe kwa kalamu.

Jumatatu, 20 Novemba

Senene, wale panzi wetu watamu, wamemwagika! Mtaa mzima mabati na mataa ya kuwanasia. Asubuhi Josia kaja na ndoo nusu, kaniletea. Ana miaka thelathini, bado anaangalia chini akiongea nami. Mama mdogo, anasema, mimi sikuomba. Nikamwambia basi mwambie baba yako hivyo. Akasema baba haambiwi.

Tukachambua mabawa pamoja kwenye baraza. Kijana mzuri. Lakini kila alipoinua kichwa, macho yalikwenda kwenye mibuni ya chini. Nimeliona hilo. Anaihesabu.

Ijumaa, 24 Novemba

Joyness ana mtihani, hawezi kuja. Kasema nimweke kwenye simu. Nimekataa, sitaki asikie anavyojadiliwa. Kakasirika. Ana haki.

Nimenunua nyama kilo nne. Ndizi ninazo. Kikao kinakaa kwangu, kitakula kwangu. Kwetu mwenye kibanja ndiye anayelisha wazee, hilo halina mjadala, na shemeji alijua vizuri sana alichokifanya siku ile kwa Najibu.

Jumamosi, 25 Novemba

Naandika chumbani, nimeketi ukingoni mwa kitanda. Mzee wa ukoo, Ta Mushumbusi tunavyomwita kwa heshima, anaombea chakula sebuleni. Sala zake ni ndefu, ameshafika kwa wagonjwa wa hospitali ya Rubya, bado kuna viongozi wa serikali na mvua.

Wamekuja saba. Wanaume wote. Wametoa maneno yao tangu saa saba: Josia, mrithi, damu, ukoo. Mimi nikaambiwa nitaitwa. Nikavuta kiti cha jikoni nikakaa palepale mlangoni. Ta Mushumbusi, ndiye mkubwa kuliko wote, alinitazama, akaniacha. Byabato alisema Mama Joyness, pumzika. Nikasema nimepumzika hapa. Nikasema pia kwamba mibuni ya chini haikuwa ya ukoo, ilikuwa pori, na waliopo wanajua aliyelifyeka. Wawili wakaitikia kwa kichwa. Mzee akasema tule kwanza, uamuzi baadaye.

Basi hapo kwenye kula ndipo penyewe. Mke wa Byabato alishaleta vyungu tangu asubuhi. Vitatu, vimefunikwa majani mabichi, vinanukia hadi barabarani. Kanikumbatia. Tulilia kidogo, yeye na mimi, jikoni. Akasema mwenzangu, mimi nimetumwa. Nikasema najua.

Shamsa katuma ujumbe: kigari leo kinaanza kupewa amri tena, mko wapi wewe na shemeji, Najibu kawasha runinga.

Vyungu vya kwa Byabato nimeviacha jikoni, chini, vimefunikwa vilevile. Mezani nimeweka sufuria zangu tu. Nyama, ebitoke, mchicha. Sahani saba, na ya nane mwisho wa meza, yenye kiti. Byabato aliona kabla ya kufumba macho. Alinitazama, akatazama mlango wa jikoni, akanitazama tena. Angeweza kusema. Lakini mzee alikuwa ameshaanza kuomba, na mtu hamkatizi mzee anayeomba.

Naogopa. Wakikataa kula, nitakuwa nimeaibika mbele ya ukoo mzima, na nyumba hii sijui nitaishi humo kama nani.

Ameshafika kwenye mvua. Sauti ya Byabato nayo inaitikia, iko chini sana, imekauka.

Amina. Viti vinasogezwa. Ta Mushumbusi anauliza, mwenye nyumba yuko wapi aje atukaribishe? Na sebule nzima hakuna anayesema ni yeye, hata shemeji.

Natoka.