Maji ya Moto ya Mama

Jumatatu, 9 Juni
Nimekata sketi tatu za wanafunzi kwa mkono wa kushoto. Zote zimekwenda upande. Wa kulia bado una bandeji. Tumbo linauma kuliko mkono, maana huko ndiko daktari alikofyonza mafuta, akayadunga chini ya kovu la moto la mkono huo. Anasema yatalilainisha. Nataka kitu kimoja tu: vidole vikunjike, nishike mkasi. Sharti: mkono usikandwe wala kubonyezwa mpaka nirudi kliniki.

Jumatano, 11 Juni
Mama ameteremka kutoka kwao mlimani, Kinole, na mkungu wa ndizi. Kauliza nani ananikanda. Hakuna. Akanitazama kana kwamba mimi ni mtoto aliyetupwa. Kwake, aliyetoka kupasuliwa asipokandwa damu inaganda ndani.

Alhamisi, 12 Juni
Amenikanda. Kafungua bandeji. Maji ya moto, taulo, na nguvu zote za mikono iliyozoea jembe. Nilijua sharti. Sikumwambia. Anakanda huku anaimba, utamwambiaje aache? Nimelala vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jumamosi, 14 Juni
Mkono umevimba, una joto. Nimemwambia mbele ya wateja: "Mama, mikono yako imeniharibu." Alikunja kanga zake, akaondoka bila chai. Nina hasira. Nina aibu pia. Hasira imeshinda.

Jumanne, 8 Julai
Kliniki. Uvimbe umekwisha. Kovu limelainika upande wa kidole gumba, kwingine gumu vilevile. Nikamweleza daktari habari ya kukandwa, nikingoja amlaumu mama. Hakumlaumu. Kukanda hakukusaidia, alisema, lakini kila mgonjwa mwili wake hunyonya sehemu ya mafuta, hata aliyeshika masharti yote. Tutarudia. Mafuta tumboni bado yapo. Na lile neno langu? Maji yakimwagika hayazoleki. Nimejuta njia nzima.

Jumapili, 13 Julai
Nimepanda Kinole. Baridi, ukungu mpaka mlangoni. Shikamoo yangu aliiitikia vizuri. Akanipikia ndizi, akauliza habari za cherehani. Nikamwomba radhi. Akasema yameisha.

Jioni nikamwomba anikande bega la kushoto, limechoka kufanya kazi ya mawili. Akachemsha maji. Akaniletea beseni na taulo.

"Jikande mwenyewe, mwanangu."

Akakaa pembeni, mikono ndani ya kanga. Sikujikanda. Tulikaa hivyo mpaka maji yakapoa.